Ngiri na nguruwe wa bandani wasiandikwe mstari mmoja

Ukifika Serengeti Ndogo, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, hukosi kumwona ngiri amepiga magoti ya mbele akila majani mafupi. Magoti hayo yana sugu, na sugu huanza kuota angali tumboni mwa mama yake. Nguruwe wa bandani kule Kibosho hana sugu hizo. Hata hivyo mitaani wote ni nguruwe, mmoja tukimwongezea "pori".

Kwenye kumbukumbu za bustani za wanyama kuna mvutano unaofanana na huo. Wapo wanaotaka nguruwe wa kufugwa na yule wa mwitu wa Ulaya na Asia waingizwe kama spishi moja, Sus scrofa, jina lililotolewa na Linnaeus mwaka 1758. Wana hoja: wa kufugwa alitokana na huyo wa mwitu, wakipandana huzaa, na watoto wao huzaa pia. Wengine humwandika wa kufugwa peke yake, Sus domesticus, nao hulaumiwa kwamba wanapuuza baiolojia.

Lawama hiyo siioni kuwa ya haki, kwa sababu daftari la bustani kazi yake ya kwanza ni kuhesabu. Tuseme limeandikwa nguruwe 40. Kumbe 37 ni wa kufugwa, wanaoletwa watoto wawashike, na wa mwitu ni watatu tu. Wakifa hao watatu, daftari bado linasoma 37, na anayelipitia haoni kwamba wa mwitu wamekwisha. Mwaka unaofuata wakizaliwa vitoto wanane bandani, hesabu inapanda na kila mtu anafurahi.

Kwetu hatari ni kubwa zaidi, maana ngiri ni jenasi nyingine kabisa na nguruwe tunaofuga hawakutokana naye. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kitaalamu mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, ngiri huibeba bila kuugua, na kupe wa mashimoni mwake huisambaza. Ikiingia bandani inaweza kufagia karibu wote ndani ya siku chache, na dawa ya kuitibu hakuna.

Chotara wa nguruwe wa kufugwa na wa mwitu ndio wagumu kuwapangia mahali, nakubali. Hao waandikwe jina la mama na la baba. Ila mhudumu anayepokea mnyama jioni, mkononi ana karatasi iliyoandikwa "nguruwe pori, dume 1", atajuaje kama amfungie jirani na wale wa kufugwa au mbali nao?