Karai likiwaka, maji weka mbali

Makala niliyoisoma ya usalama wa jikoni imeeleza vizuri habari ya mitungi ya gesi, ila pale iliposema moto wa jikoni "umwagiwe maji upesi" ingetenganisha moto wa mafuta na moto mwingine. Karai la mahamri likishika moto, maji ni balaa: ni mazito kuliko mafuta, huzama, hugeuka mvuke papo hapo na kurusha mafuta yanayowaka mpaka juu. Na huku Lamu juu ni makuti au boriti.

Zima gesi, kama mkono unafika bila kupita juu ya moto. Kisha telezesha sinia la bati, pana kuliko karai, ukianzia upande wako kwenda mbele, miali isikurudie usoni. (La plastiki liache kwa wali wa harusi.) Usifunue kwa nusu saa, mafuta yakiwa bado ya moto, hewa ikiingia huwaka tena. Wala usilibebe karai kulitoa nje. Unga wa ngano usirushe, nao huwaka.

Mpira wa gesi upake povu la sabuni: vipovu vikifura kwenye kiungo, panavuja. Gesi hii hutuama chini, basi funga mtungi, fungua mlango, usiguse swichi. Gari la zimamoto halipiti vichochoroni mwa Langoni, mtaa wa hapa Lamu.