Mtaa gani utampigia muhuri?

Jana asubuhi nilikuwa napiga deki ngazi za jengo moja hapa Helsinki, Finland, akanipita kijana wa kama miaka 19 akichezea ufunguo. Jengo lile ni la vijana waliokuwa hawana pa kulala. Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango, nikasikia maji ya bafuni yanafunguliwa. Nikamkumbuka dogo aliyekuwa akitubebea mizigo Kariakoo. Usiku alilala kwenye baraza la duka, ndala zake kaziweka chini ya kichwa zisiibiwe.

Kilichonichoma si utajiri wa Wafini. Ni wanapoanzia. Huku mtu hupewa chumba kwanza, ndipo yanafuata mazungumzo ya pombe, shule na kazi. Mwaka 2008 serikali yao ilianza kugeuza mabweni ya wasio na makazi kuwa vyumba vya kupanga, kila mtu na mkataba wake. Mwishoni mwa miaka ya themanini watu hao walizidi 16,000. Mwaka 2023 walikuwa chini ya 4,000. Si malaika: mwaka 2024 idadi ilipanda tena, baada ya serikali kukata posho za nyumba.

Kwetu Tanzania tunaanzia mwisho. Dogo alete kitambulisho. Kitambulisho kinataka muhuri wa serikali ya mtaa, na pale ofisini anaulizwa anakaa kwa nani, mjumbe wake nani. Barazani kwa watu hakuna mjumbe! Ile asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa ajili ya mikopo ya vijana, ambayo huwa najivunia kuwaeleza wenzangu huku, nayo inataka kikundi cha wakazi wanaotambulika. Akidunduliza akapata hela ya chumba, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita na dalali anataka ya kwake. Akirudi barazani, difenda ya polisi inamzoa: mzururaji.

Najua mtakachosema. Kaenda Ulaya juzi, keshasahau alikotoka. Sijasahau. Miaka miwili nimelala sebuleni kwa shemeji Mbagala, nakunja godoro kabla watoto hawajaamka kwenda shule. Undugu ule Wafini hawana, na hapo siwaonei wivu hata kidogo. Lakini undugu ulinibeba mimi. Yule dogo mama yake alifariki, baba wa kambo akamtoa nje. Ndugu wakiisha, nani anafuata kama si serikali?

Msiniambie hatuna hela. Muhuri unagharimu nini? Ustawi wa jamii wapewe mamlaka ya kumtambulisha kijana asiye na mtaa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha yetu hiyohiyo, ilisema Desemba 2020 kwamba sheria za uzururaji zinakiuka Mkataba wa Afrika. Kuacha kumkamata aliyelala hakuhitaji bajeti. Shirika la Nyumba la Taifa tunalo tangu 1962. Litenge vyumba kwa vijana hawa, hata kwa kuanzia Dar es Salaam peke yake, kodi ilipwe mwezi kwa mwezi.

Nikija Desemba nitapita Kariakoo kumtafuta. Nilimwacha ana miaka 16, sasa ana 22. Nitawauliza makuli wa pale kwa jina lake la utani, maana ndilo pekee alilowahi kuandikishwa popote, kwenye daftari la mizigo.