Gacaca ilikuwa mahakama
Eti gacaca, vikao vya mitaani vilivyosikiliza kesi za mauaji ya kimbari ya 1994, ilifaulu Rwanda kwa sababu ilikuwa baraza la majirani kusameheana? Mwandishi wa makala inayodai hivyo amelainisha mno. Ile ilikuwa mahakama, yenye uwezo wa kumfunga mtu miaka mingi, tena bila wakili, na mahakimu wake (inyangamugayo) walikuwa raia wa kawaida waliochaguliwa na wenzao. Nakubali jambo moja: aliyekiri alipunguziwa adhabu, na kwa kukiri huko wapo walioonyeshwa hatimaye mifupa ya ndugu zao ilikotupwa, wakaizika. Kwa mfiwa hilo si dogo hata kidogo. Lakini mauaji yaliyofanywa na askari wa RPF (waasi waliotwaa madaraka mwaka huo wa 1994) hayakuruhusiwa kuletwa pale, na mwaka 2012 vikao vikafungwa. Jamaa za waliouawa na askari hao nao wakalilie wapi?