Dikteta Akiondoka, Kura Ije Lini?

Utawala wa kiimla ukianguka, ubishi unaofuata huwa uleule. Kuna wanaotaka uchaguzi ndani ya miezi michache, kwa kuwa serikali ya mpito haikuchaguliwa na mtu, na kila siku inayoongezwa ni siku ya kutawala watu bila ridhaa yao. Na kuna wanaosema subirini: vyama vipya bado vichanga, daftari la wapiga kura ni lilelile lililotumika kupika matokeo, na polisi ni walewale. Iandikwe katiba kwanza, kura ije baadaye.

Wanaotaka kusubiri wana Libya ya kuonyesha. Muammar Gaddafi aliuawa Oktoba 2011, na Julai 7, 2012 Walibya walikuwa kwenye foleni wakichagua bunge la viti 200. Upigaji kura ulikwenda vizuri kuliko wengi walivyotarajia. Tatizo ni kwamba waliochaguliwa hawakukuta jeshi la kuwatii. Vikundi vya wapiganaji vilibaki na silaha zao, vingine vikilipwa na serikali hiyohiyo viliyokuwa vikiitishia. Kufikia 2014 nchi ilikuwa na mabunge mawili yasiyotambuana, moja Tripoli na jingine Tobruk. Tena kura ya haraka humpendelea aliyekwisha kujipanga. Huko Misri, Udugu wa Kiislamu walikuwa na mtandao wa miongo mingi, ilhali vijana waliojaa viwanjani mwaka 2011 hawakuwa hata na ofisi.

Hoja hiyo ni nzito. Ila Sudan imeitia doa kubwa.

Omar al-Bashir alipoondolewa Aprili 2019, majenerali na viongozi wa maandamano walikubaliana Agosti mwaka huo juu ya waraka wa kikatiba. Mpito ungekuwa wa miezi 39, chini ya Baraza Kuu la watu 11. Mwanajeshi angeliongoza kwa miezi 21 ya mwanzo, kisha raia angemalizia 18. Kwa mtu anayeamini subira, huo ulikuwa mpango wa kupigiwa mfano. Lakini mawaziri wa ulinzi na mambo ya ndani walitoka kwenye orodha ya wanajeshi. Makampuni ya jeshi yaliendelea kuvuna mapato ambayo Wizara ya Fedha haikuyagusa. Bunge la mpito, lililotakiwa kuundwa ndani ya siku 90, halikuundwa. Halafu, mkataba wa amani wa Juba kati ya serikali na makundi ya waasi ulipotiwa saini Oktoba 2020, miezi 39 ikaanza kuhesabiwa upya. Zamu ya raia ikasogea, na majenerali hawakupoteza chochote kwa kusogea huko. Oktoba 25, 2021 Jenerali Abdel Fattah al-Burhan, aliyekuwa akiliongoza Baraza Kuu, alifanya mapinduzi, na waziri mkuu Abdalla Hamdok akatiwa kizuizini. Aprili 2023 vita vikaanza.

Kwa hiyo kuhesabu miezi hakutufikishi mbali. Swali ninaloona limepuuzwa ni hili: tarehe ikipita bila kazi kukamilika, nani anaumia? Iwapo anayechelewesha ndiye anayebaki ofisini, atachelewesha, awe jenerali au mwanaharakati wa jana.

Afrika Kusini walilijibu swali hilo kwa maandishi. Katiba ya mpito ya 1993 iliweka kanuni 34 zisizovunjika, ikaruhusu uchaguzi wa Aprili 1994, kisha ikawapa wabunge miaka miwili kuandika katiba ya kudumu. Wakishindwa, rais alitakiwa kulivunja bunge. Yaani wazembe wangepoteza viti vyao. Walipitisha rasimu Mei 8, 1996, muda ukiwa ukingoni kabisa. Septemba Mahakama ya Katiba ikaikataa kwa kuwa baadhi ya vifungu havikukidhi zile kanuni, nao wakaenda kuirekebisha. Kura ilikuja mapema, ila haikumpa mshindi ruhusa ya kuandika anavyotaka.

Tunisia walikuwa na nia hiyohiyo bila kibano. Bunge lililochaguliwa Oktoba 2011 lilitarajiwa kumaliza katiba kwa mwaka mmoja. Likatumia zaidi ya miwili, na wanasiasa wawili wa upinzani waliuawa katikati yake. Katiba ya 2014 iliagiza Mahakama ya Katiba iundwe ndani ya mwaka mmoja baada ya uchaguzi wa wabunge. Vyama vikavutana juu ya majina ya majaji mwaka baada ya mwaka. Rais Kais Saied aliposimamisha bunge Julai 25, 2021 akidai kutumia kifungu cha 80 cha mamlaka ya dharura, chombo ambacho kifungu hichohicho kilikipa kazi ya kumhoji hakikuwepo.

Mfano wa Afrika Kusini una bei yake, na si kila nchi inaimudu. Pale dola ilikuwa imesimama, na watumishi wa utawala wa ubaguzi walihakikishiwa ajira zao. Wengi hawakupenda. Hata hivyo, aliyeona Irak mwaka 2003, jeshi lilipovunjwa kwa amri moja na wanaume wenye mafunzo ya silaha wakarudi nyumbani bila kazi, ataelewa kwa nini ilifanyika. Mimi ningekubali karani wa zamani abaki na mshahara wake. Kumwachia kamanda wa zamani jeshi ni jambo jingine: dikteta wa kijeshi Augusto Pinochet alishindwa kura ya maoni Chile mwaka 1988, akabaki mkuu wa jeshi hadi 1998.

Leo mtihani uko Syria, ambako utawala wa Bashar al-Assad ulianguka Desemba 2024. Tamko la kikatiba la Machi 2025 limeweka mpito wa miaka mitano. Kwa nchi iliyotoka kwenye vita vya zaidi ya muongo mmoja, na mamilioni ya watu wake wakiwa wakimbizi, kuomba muda si ujanja. Lakini rais wa mpito anateua theluthi ya wabunge na majaji wote wa Mahakama ya Katiba, yaani haohao ambao siku moja huenda wakatakiwa kumwambia kwamba muda wake umekwisha.