Mwanabiolojia wa Kabila Anamtumikia Nani?

Mwaka 2003 wazee wa Wayurok, wenyeji wa asili wanaoishi kando ya Mto Klamath kaskazini mwa California, walikaa kuamua ni kiumbe gani wa nchi kavu anayestahili kurudishwa kwanza katika ardhi yao. Chaguo lao likawa kondori, ndege wa jamii ya tumbusi ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hufikia karibu mita 3, ambaye wao humwita prey-go-neesh na ambaye manyoya yake yana nafasi katika ngoma zao za ibada. Mei 2022 ndege wa kwanza waliachiwa huru katika misitu ya Redwood, na aliyeiongoza kazi hiyo ni Tiana Williams-Claussen, Myurok aliyesomea biokemia Harvard kisha akarudi kwao. Habari hiyo imewatia moyo vijana wengi wa mataifa ya wenyeji wanaofikiria kusomea biolojia ya wanyamapori. Hata hivyo, wapo wazee na wasomi wa mataifa hayohayo wanaouliza kama shahada hiyo humrudisha mtoto nyumbani au humfanya karani wa dola ileile iliyowanyang'anya ardhi.

Kabla ya kupima hoja hizo, yafaa tukumbuke kwamba katika sheria za Marekani neno kabila halina maana tuliyoizoea sisi. Makabila yanayotambuliwa na serikali kuu, ambayo ni zaidi ya 570, ni serikali zenye mabaraza yao na mara nyingi mahakama na idara zao za maliasili, na mwanabiolojia anayeajiriwa huko ni mtumishi wa serikali hiyo.

Wanaoitetea kazi hii huanzia jimbo la Washington. Kwa mikataba ya 1854 na 1855 makabila ya huko yaliachia ardhi kubwa, lakini yakabakiza haki ya kuvua katika maeneo yao ya siku zote. Jimbo liliikanyaga haki hiyo kwa miongo mingi; Billy Frank Jr. wa Wanisqually, mojawapo ya makabila hayo, alikamatwa mara ya kwanza mwaka 1945 akiwa na miaka 14, na baada ya hapo akakamatwa tena na tena, zaidi ya mara 50. Tarehe 12 Februari 1974 Jaji George Boldt aliamua kwamba makabila yana haki ya kupata hadi nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa, na kwamba yanaweza kuusimamia uvuvi wao yenyewe. Sasa, mtu atadaije nusu ya kitu asichokijua idadi yake? Jimbo lilikuwa na wataalamu wake na majedwali yao, na kabila lililofika mezani na kumbukumbu za wazee peke yake lingeambiwa kwamba samaki wamekwisha. Kwa hiyo makabila yaliajiri wanabiolojia, yakaunda tume yao ya uvuvi mwaka huohuo, na yakaanza kuhesabu samaki aina ya samoni mto kwa mto. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ulipo msingi wa taaluma hii, kwani bila hesabu hizo hukumu ya Boldt ingebaki karatasi tu.

Upande wa pili nao una hoja ambazo watetezi huzipita haraka mno. Chuo kikuu humfundisha mwanafunzi kwamba takwimu isiyochapishwa ni kazi bure, ilhali kwao yako mambo ambayo hayatakiwi kuandikwa, kama vile mahali pa kuchimba dawa au pa kufanyia ibada. Tena nyaraka ambazo kabila hupeleka kwenye wizara ya serikali kuu zinaweza kuombwa na mtu yeyote kwa sheria ya uhuru wa habari, na mwaka 2001 Mahakama ya Juu, katika kesi iliyohusu makabila ya bonde hilihili la Klamath, ilikataa kuzikinga. Kijana anayejaza kwa uaminifu kila safu ya ripoti anaweza, bila nia mbaya, kutoa siri ambayo bibi zake waliilinda maisha yao yote. Hilo halifundishwi maabara, na sioni namna ya kulijifunza isipokuwa kwa kukaa na wazee hao mapema, kabla ya ripoti ya kwanza.

Hata hivyo, ukitazama kazi yenyewe ilivyo, utaona kuwa kijana huyo ana nafasi ambayo mgeni hana. Kondori hula mizoga, na lugha yetu inalieleza vizuri tatizo lake, maana risasi ni madini na risasi ni ile itokayo kwenye bunduki. Ikimpiga kulungu hupasuka vipande vidogo, vingine visivyoonekana kwa macho, navyo hubaki kwenye matumbo ambayo mwindaji huyaacha porini. Wataalamu humkamata ndege, humchukua damu, huipima, na akikutwa na sumu nyingi hupelekwa kutibiwa. Mapema mwaka 2025 ndege mmoja mchanga wa Wayurok alikufa kwa sumu hiyo. California ilipiga marufuku risasi za madini hayo katika uwindaji wote kuanzia Julai 2019, lakini kabla ya hapo Wayurok walikuwa wameshaanza kuzungumza na wawindaji kuhusu risasi za shaba. Mtu anayewinda ili kulisha nyumba yake humsikiliza binti wa jirani kwa namna ambayo hatamsikiliza afisa kutoka mji mkuu wa jimbo.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni fedha. Tangu 1937 kodi ya bunduki na risasi hugawiwa majimbo kwa ajili ya wanyamapori, na makabila hayamo katika mgao huo ingawa watu wao huilipa kodi hiyohiyo madukani. Yameachiwa ruzuku za kushindania, nyingi zikiwa za miaka miwili au mitatu, wakati kondori huhitaji takriban miaka sita au zaidi ndipo aanze kuzaa. Anayemfunga ndege kifaa cha redio kwenye bawa leo huenda mkataba wake ukaisha kabla ndege huyo hajataga yai la kwanza. Mswada ambao ungeyapa makabila dola milioni 97.5 kila mwaka ulipita katika Baraza la Wawakilishi Juni 2022, lakini Seneti haikuupitisha. Kijana anayeniuliza kama aisomee kazi hii ningemwambia aisome, na siku ya usaili aliulize baraza lake mambo mawili: ni nani aliyechagua kiumbe atakayekwenda kumhesabu, na mshahara wake wa mwaka wa nne utatoka wapi.