Udongo unaoua bakteria na udongo unaowalisha

Mtajie daktari wa Afrika Mashariki udongo kama dawa ya kidonda, na neno la kwanza litakalomtoka ni pepopunda. Ana haki. Watoto wachanga wengi wamekufa katika nchi hizi kwa sababu kitovu kilipakwa udongo, majivu au kinyesi cha ng'ombe, na mbegu za bakteria wa pepopunda hukaa humo humo ardhini. Kuwafanya watu waache desturi hiyo kumegharimu kliniki miaka ya kuelimisha, na hakuna mwenye akili timamu anayetaka kurudi nyuma. Hata hivyo naona kwamba katika mjadala huu upande wa udongo umedharauliwa kuliko unavyostahili, na baadhi ya hoja zinazotumika kuudharau hazihimili maswali mawili matatu.

Kisa chenyewe kinaanzia Côte d'Ivoire. Kidonda cha Buruli, ugonjwa uliopewa jina la eneo moja la Uganda, husababishwa na Mycobacterium ulcerans, bakteria wa ukoo mmoja na wale wa kifua kikuu na ukoma. Hutoa sumu iitwayo mikolaktoni, inayoozesha nyama chini ya ngozi na papo hapo kuua hisia ya maumivu, ndiyo maana mgonjwa huchelewa kwenda hospitali hadi mguu umebaki wazi. Mwaka 1998, viongozi na wataalamu walipokutana Yamoussoukro, nchini humo, kuujadili, tiba kubwa ilikuwa kisu: kukata nyama iliyooza pamoja na nzima inayoizunguka, kisha kupandikiza ngozi. Katika mazingira hayo Mfaransa mmoja aliyekuwa akiwahudumia wagonjwa huko, Line Brunet de Courssou, aliwafunga vidonda kwa udongo wa kijani kutoka Ufaransa, akiubadilisha kila siku, kwa miezi. Mwaka 2002 alipeleka taarifa na picha za wagonjwa wake kwa Shirika la Afya Duniani (WHO). Picha zilionyesha vidonda vikijisafisha na kufunga.

Mwenye shaka atasema picha si ushahidi, maana hakukuwa na kundi la kulinganisha nalo. Ni kweli. Lakini swali la iwapo udongo wenyewe unaua bakteria liliulizwa, na kilichofuata maabara ndicho ambacho wengi wanaoubeza udongo hawajakisoma.

Shelley Haydel na Lynda Williams wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, pamoja na wenzao, walichukua sampuli mbili za udongo wa kijani wa Ufaransa. Kwa macho ni uleule. Hata kwa vipimo vya muundo wa madini yake zilikaribiana sana. Matokeo yao, yaliyochapishwa 2008, ni haya: udongo wa kwanza uliua E. coli, pamoja na aina yake sugu kwa dawa, ukaua Salmonella na Pseudomonas, na ukawadhibiti Staphylococcus aureus wasiosikia antibayotiki ya methisilini, wale wanaozitesa wodi za upasuaji dunia nzima. Udongo wa pili haukuwafanya kitu. Baadhi ya bakteria walinawiri zaidi ndani yake kuliko bila ya huo udongo.

Nikiona mtu anauza "udongo wa tiba" mtandaoni kwa pakiti, au daktari akicheka kwamba tope ni tope, narudi kwenye sampuli hizo mbili. Wote wawili wanaamini kitu kimoja, kwamba udongo ni udongo. Laiti sampuli zote mbili zingeshindwa, mjadala ungekwisha. Zingefaulu zote, tungesema labda ni ukavu tu, au udongo unanyonya usaha na unyevu na kuwanyima bakteria maji. Lakini moja kuua na nyingine kulisha kunafuta maelezo hayo mepesi. Kuna kitu ndani ya udongo mmoja ambacho mwingine hauna, na kitu hicho kinaweza kutafutwa.

Wakakitafuta. Waliupika udongo ule kwa nyuzijoto 200, ukaua. Wakaupika kwa 550, bado ukaua. Kwa 900, pale madini yanapovunjika muundo, uwezo ukatoweka. Ulitoweka pia walipoyang'oa madini yaliyoshikamana juu ya chembe zake na kuweka mengine badala yake. Kazi iliyofuata 2013 kutoka maabara ya Haydel ilionyesha kwamba maji yaliyopitishwa kwenye udongo wa namna hiyo kisha yakachujwa huua bakteria bila chembe hata moja ya udongo kubaki ndani. Ina maana muuaji ni madini yanayoyeyuka kutoka humo: chuma, shaba, zinki, kobalti, nikeli. Udongo wenyewe ni ghala linaloyaachia polepole.

Udongo wa buluu wa jimbo la Oregon uliongeza kipande kingine. Una pairaiti, yaani madini ya chuma na salfa, na chuma ambacho bado hakijaungana na oksijeni. Ukiloweshwa, hugeuka kuwa na asidi kali, alumini hushambulia ngozi ya bakteria, chuma hufurika ndani na kuzalisha kemikali zinazomuunguza kuanzia ndani. Mwaka 2018 watafiti wa Mayo Clinic wakishirikiana na kundi la Arizona walionyesha kwamba udongo wenye chuma cha namna hiyo huwaua hata baadhi ya bakteria waliojijengea utando wa kujikinga, utando ambao antibayotiki nyingi hugonga mwamba mbele yake. Walionya wenyewe kwamba walijaribu kiwango kimoja tu, tena maabara.

Hapa ndipo mwenzetu wa tiba asili anapopaswa kusikiliza kwa makini. Udongo mwekundu tuujuao, unaochafua viatu kuanzia Kilimanjaro hadi Kiambu, uwekundu wake ni kutu. Chuma chake kimeshakutana na hewa na kutulia; hakina tena cha kumfanyia bakteria. Kaolini nyeupe ya Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, nayo ni nzuri kwa vigae na vyombo, lakini sioni sababu ya kuitarajia iue kitu. (Kaolini ina kipaji tofauti, cha kuharakisha damu kuganda, na jeshi la Marekani limekuwa likitumia bandeji zilizolowekwa kaolini tangu 2008.) Udongo unaoua ni adimu, na kwa kuuangalia tu huwezi kuutambua.

Sasa turudi kwa daktari na pepopunda yake. Hoja hiyo inaangusha udongo mbichi uliochotwa shambani, na iendelee kuuangusha. Haiwezi kuuangusha udongo uliochomwa. Joto kavu la nyuzi 200 kwa muda wa kutosha huangamiza mbegu za pepopunda, na tumeona uwezo wa udongo ule unavuka hata 550. Nashangaa jambo hili halitajwi, kwa sababu linaondoa pingamizi kubwa kuliko yote bila kuhitaji mashine ambayo hospitali ya wilaya haina.

Pingamizi la sumu ni gumu zaidi, na sitaki kulipunguza. Ikiwa dawa yenyewe ni metali, basi risasi na aseniki zinaweza kuja na gari hilohilo. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya watu dhidi ya bidhaa za bentonaiti, aina nyingine ya udongo, zilizokutwa na risasi. Mwaka 2019 Ufaransa ilishauri dawa ya kuhara ya udongo wa diosmektaiti isipewe watoto wa chini ya miaka 2, kwa hofu hiyo hiyo. Jeshi lile lile la Marekani liliacha unga mmoja wa udongo wa kuzuia damu baada ya majaribio ya wanyama kuonyesha chembe zake zikidhuru mishipa na kugandisha damu ndani yake. Hakuna hata moja kati ya hayo linalosema udongo hauponyi. Yote yanasema upimwe, kundi kwa kundi, kama dawa nyingine yoyote.

Linalonifanya nipunguze sauti ni hoja ya tatu: dawa zipo. Jaribio lililofanyika Ghana na Benin na kuchapishwa 2020 lilionyesha kwamba wiki nane za vidonge vya rifampisini na klarithromaisini ziliponya zaidi ya wagonjwa tisa kati ya kumi wenye vidonda vya Buruli visivyozidi sentimita 10. Mtu mwenye kidonda leo apewe vidonge hivyo leo, na anayemwambia ajaribu udongo kwanza anamuumiza. Lakini soma tena kipimo hicho cha sentimita 10. Wapo wanaofika na vidonda vikubwa kuliko hivyo, na hata bakteria wakishakufa, shimo lililobaki huchukua miezi kufunga huku likiwafungulia mlango bakteria wengine. Kwa hao wengine dawa zinaishiwa nguvu: makadirio yaliyochapishwa 2022 yaliweka vifo vilivyosababishwa moja kwa moja na usugu wa dawa kuwa milioni 1.27 kwa mwaka 2019 pekee, na Afrika kusini mwa Sahara ikabeba mzigo mzito kuliko kanda nyingine.

Kwa hiyo jaribio ambalo ningependa kuliona halimnyimi mgonjwa kidonge hata kimoja. Wagonjwa wote wapewe rifampisini na klarithromaisini. Nusu yao wafungwe bandeji ya kawaida, nusu wafungwe udongo uliochomwa, uliopimwa risasi na aseniki, na uliothibitishwa maabara kwamba unaua. Kisha zihesabiwe siku hadi kidonda kifunge, na damu yao ipimwe metali. Ghana na Benin wameonyesha kwamba jaribio zito la ugonjwa huu linaweza kufanyika barani humu. Ugumu utakuwa kumpata mlipaji, kwa sababu kampuni ya dawa haina haraka ya kugharamia kitu kinachochimbwa kwa sepetu.