Mwizi sugu asihukumiwe kama mkosaji wa kwanza

Kila simu zikipokonywa Kongowea au Mwembe Tayari hapa Mombasa, kilio huwa kimoja: sheria iongezwe makali. Naunga mkono anayerudia wizi aadhibiwe zaidi ya aliyeteleza mara moja. Ila makali hayo yamo sheriani tayari. Wizi wa kawaida, kifungu cha 275 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, ni hadi miaka 3. Kumwibia mtu mwilini, kifungu cha 279, ni hadi 14. Simu iliyochomolewa mfukoni ni ya 279. Hati ya mashtaka ikiandikwa 275, hakimu hana pa kupanda.

Lakini pabovu kuliko pote ni siku ya kukiri. Mshukiwa hufikishwa kortini ndani ya saa 24. Akikubali kosa papo hapo, mwendesha mashtaka huulizwa rekodi yake. Alama za vidole ndiyo kwanza zimechukuliwa, majibu hayajaja, basi anasema: achukuliwe kama mkosaji wa kwanza. Mtu aliyetoka gereza la Shimo la Tewa juzi anapewa huduma kwa jamii, na hata tukipandisha adhabu ya kurudia hadi miaka 30, haitamgusa.

Mwendesha mashtaka aombe siku chache kabla ya adhabu kutolewa. Hiyo ndiyo kazi ninayoitaka ifanywe. Kifungu cha 142 cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai kinakubali nakala ya rekodi ya korti iliyothibitishwa, pamoja na ushahidi kwamba aliyefungwa wakati ule ndiye huyu aliyesimama kizimbani. Kesi ya zamani ikiwa ya Shanzu na mpya iko Mombasa, faili iko umbali wa matatu moja! Rekodi ikithibitishwa, hakimu anaweza pia kuamuru uangalizi wa polisi hadi miaka 5 baada ya kifungo.

Na mnunuzi wa simu hizo? Kupokea mali ya wizi, kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu, ni hadi miaka 14. Ashtakiwe naye.

Walalamishi nasi tunachangia. Mtu akirudishiwa simu yake, harudi kortini. Chini ya kifungu cha 202 cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai, mshtakiwa anaweza kuachiliwa, na hapo hapana hatia ya kuhesabiwa safari ijayo. Ukienda kuandikisha taarifa, beba kisanduku cha simu chenye nambari ya IMEI (inayotambulisha simu yako), chukua nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), na useme wazi simu ilitolewa wapi: mfukoni, mkononi, au mezani. Kisha, siku ya kusomewa mashtaka, uliza kifungu kilichoandikwa.